Damu Nyeusi, Damu Nyekundu

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: 2 Wafalme 3:20–24, Mwanzo 2:7)

 Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkichochea moto wa chai, ninyi mlio njiani na mizigo ya sokoni, na hasa ninyi mnaosikiliza mkiwa kitandani kwa ugonjwa.

Tumepokea barua kutoka Mikinduri, kule Tigania. Aliyeiandika ni dada mmoja mshiriki wa kanisa. Asema kwamba shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, alijitolea damu miezi mitano iliyopita. Alipokuwa amelala pale aligeuza kichwa akautazama mfuko, naye akaona damu yake ni nyeusi kama zambarau iliyoiva. Alinyamaza siku ile. Alipofika nyumbani akawaambia wazee, nao wakamwambia kwamba ana damu chafu, na kwamba damu ya mtu mzima wa afya ni nyekundu kama ile inayotoka mtu ajikatapo kidole. Basi akaenda kwa fundi wa kuumika, akafyonzwa damu mgongoni kwa pembe, na ile nayo ikatoka nyeusi, nzito kama uji. Sasa mkewe yu karibu kujifungua, naye katika uzazi uliopita alitokwa na damu nyingi mno. Daktari amewaomba jamaa wajitolee damu mapema. Shemeji akataa. Asema hawezi kumtia mkewe uchafu mwilini. Dada yetu anauliza: Je, damu nyeusi ni damu mbaya?

Nitajibu kwanza kabla ya kueleza, ili kama betri za redio yako zimechoka usikose jibu. La, si mbaya. Damu ile ilitoka katika mshipa unaorudisha damu moyoni, na hiyo ndiyo rangi yake. Ningekuwa mimi nimelala pale, ingekuwa rangi iyo hiyo. Angekuwa askofu, ingekuwa iyo hiyo.

Sasa tueleze, maana neno la daktari peke yake halimtoi mtu hofu aliyopewa na wazee wake.

Nenda katika bucha yo yote pale sokoni siku ambayo ng'ombe amechinjwa. Mwombe mwenye bucha akukatie paja kwa ndani kabisa, pale ambapo kisu hakijafika. Tazama upesi: nyama ile ni ya rangi nzito, kama zambarau. Sasa ingoja robo saa juu ya meza huku mkizungumza habari za mvua. Itageuka kuwa nyekundu ya kupendeza, ile rangi ambayo mama akiiona husema, "Hii ni nyama mpya." Hakuna mtu aliyeipaka rangi. Ni hewa iliyoigusa. Iache siku mbili tatu, nayo itaanza kuwa ya kahawia, kama chuma kinavyoshika kutu. Na mfano huo si wa mbali, kwa sababu katika nyama na katika damu kuna chuma kweli.

Jirani zetu Wasamburu, upande wa kaskazini, wanalijua jambo hili bila kwenda shule. Wao humfunga ng'ombe kamba shingoni, mshipa ukavimba, wakautoboa kwa mshale mdogo, nao hukinga damu kwa kibuyu. Inayotoka ni damu nzito ya rangi ya giza. Wakiikoroga kwa kijiti ili isigande, inaingiwa na hewa, inatoa povu, na lile povu huwa jekundu linang'aa. Ng'ombe ni yule yule, na damu ni ile ile.

Mwaka 1669 daktari mmoja Mwingereza, Richard Lower, aliandika kitabu juu ya moyo, akaeleza jambo lilo hilo. Watu wa nyakati zake walidhani damu inapata wekundu wake kwa joto la moyo. Lower akaona kwamba damu inaingia mapafuni ikiwa ya giza na inatoka ikiwa nyekundu, na kwamba hata damu iliyoganda ndani ya bakuli ni nyekundu juu, mahali penye hewa, na ni nyeusi chini. Ukiigeuza, ile ya chini nayo huwa nyekundu. Wakati huo hakuna aliyejua jina la kitu kile kilichomo hewani. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya wanakemia kuitenga gesi ile na kuiita oksijeni. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kama sehemu 21 katika kila 100.

Ndani ya damu mna chembechembe nyekundu, nyingi mno hata tone moja lina mamilioni. Kila chembe imejaa kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho ndicho kibebacho oksijeni. Hemoglobini moja ina viti vinne, na katika kila kiti mna chuma kidogo. Oksijeni huja ikaketi juu ya chuma hicho. Tena si kama matatu zetu za kwenda Maua. Viti ni vinne na abiria ni wanne, hakuna wa kuning'inia mlangoni. Abiria wakiketi, chuma kile hubadili jinsi kinavyoipokea nuru, na damu hung'aa nyekundu. Abiria wakishuka, damu huwa ya giza, nyekundu iliyokolea hata ikakaribia zambarau. Basi rangi ya damu hutuambia viti vingapi vimejaa. Haituambii kitu juu ya tabia ya mtu, wala dhambi zake, wala kurogwa kwake.

Chuma chote kilichomo mwilini mwa mtu mzima ni kama gramu tatu au nne tu. Hakitoshi kutengeneza msumari mkubwa wa kupigilia bati. Na zaidi ya nusu ya hicho kimo ndani ya damu.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Moyo una pande mbili. Upande wa kuume hupokea damu iliyochoka na kuipeleka mapafuni. Ndani ya mapafu damu hupita katika mishipa myembamba kuliko unywele, karibu sana na hewa. Mtu akiwa ametulia, kila chembe hukaa pale robo tatu tu ya sekunde, na muda huo watosha. Kwa kweli theluthi yake yatosha. Inatoka pale nyekundu, inarudi upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo inasukumwa kwa nguvu hadi kwenye ubongo, tumbo, mikono na nyayo. Huko abiria hushuka. Lakini hawashuki wote. Mtu akiwa amepumzika, damu inaporudi bado ina karibu robo tatu ya oksijeni yake. Kwa hiyo hata damu ile tunayoiita nyeusi haiko tupu. Ni gari linalorudi na abiria watatu katika wanne, na hiyo tofauti ya mmoja tu ndiyo iliyomtisha shemeji wa Mikinduri.

Kwa nini basi mtu akijikata kidole damu ni nyekundu zaidi? Kwa sababu kidoleni hutoka damu ya mishipa myembamba, ambayo bado ina oksijeni nyingi, tena inatoka kidogo kidogo na kuguswa na hewa mara moja. Damu ya kujitolea haipatikani hivyo. Muuguzi hutafuta mshipa mnene wa kwenye kiwiko, unaorudisha damu, kwa sababu uko karibu na ngozi na damu yake haisukumwi kwa nguvu. Ule mwingine, unaoleta damu nyekundu kutoka moyoni, umefichwa ndani zaidi, nao ukitobolewa damu hurukaruka kwa kila pigo la moyo. Kwa huo hakuna anayejaza mfuko. Basi mifuko yote ya damu mnayoiona hospitalini, tangu pwani hadi ziwani, ni ya rangi ya giza. 

Na ile ya pembe? Fundi hufyonza damu ya ngozini polepole. Inakaa ndani ya pembe bila hewa, inaganda, inakuwa nzito na nyeusi. Ukimpiga chuku mwanariadha mzima kabisa utapata damu kama hiyo. Siwadharau wazee kwa kusema hivi, maana wao waliona kwa macho yao na kusema walichokiona. Lakini fundi anayekuonyesha damu iliyoganda na kukuambia, "Tazama uchafu uliokuwamo," anakuonyesha kitu ambacho kila mtu anacho, kisha anakuomba pesa.

Uchafu wa damu, ikiwa tutatumia neno hilo kwa maana ya vijidudu vya magonjwa, hauonekani kwa rangi. Damu nyekundu yenye kupendeza yaweza kuwa na virusi, na ile ya giza yaweza kuwa safi. Ndiyo sababu kila mfuko wa damu katika nchi yetu hupimwa kwa mashine na dawa: virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina ya B na ya C, na kaswende. Shemeji wa Mikinduri alijitolea miezi mitano iliyopita, na mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa ana uzito wa kilo 50 au zaidi na hana ugonjwa, na aende. Atatoa mililita 450 hivi, katika lita tano au karibu alizo nazo. Labda damu yake yenyewe haitalingana na ya mkewe, lakini itamfaa mwingine, na ya mwingine itamfaa mkewe. Na nimwambie hivi: siku mama akitokwa na damu baada ya kujifungua na mfuko ule ukatundikwa juu yake, damu ile ya giza itaingia mkononi, itafika moyoni, itapelekwa mapafuni, na huko itakuwa nyekundu ndani ya pumzi moja. Haitangoja sherehe.

Hapa nakumbuka habari ya wafalme watatu jangwani, katika kitabu cha pili cha Wafalme. Maji yalikuja bondeni. Asubuhi jua likachomoza likayapiga yale maji, na Wamoabu waliokuwa ng'ambo wakayaona mekundu. Wakakata shauri kwamba ni damu, ya kwamba wafalme wameuana, wakakimbilia nyara. Mnajua yaliyowapata. Macho yao hayakuwa na kasoro. Waliona wekundu kweli. Ila ulikuwa wekundu wa jua juu ya maji.

Nuru inatufanyia vivyo hivyo hata juu ya mikono yetu. Wako wanafunzi wanaosema kwamba damu iliyomo mishipani ni ya buluu na inakuwa nyekundu itokapo nje, kwa kuwa wameona picha za vitabu zenye mishipa ya buluu na myekundu. Hiyo ni rangi ya mchoraji. Damu ya binadamu haiwi ya buluu hata siku moja. Mshipa huonekana wa buluu au wa kijani chini ya ngozi kwa sababu sehemu nyekundu ya nuru huzama ndani na kumezwa, nayo sehemu ya buluu hurudi machoni petu. Na wahubiri tunapenda kusema kwamba watu wote damu yao ni nyekundu, Mzungu na Mwafrika, tajiri na maskini. Ni kweli, na tuendelee kulisema. Tuongeze tu kwamba ndani ya mtu mmoja mna rangi mbili wakati wo wote, nazo zinabadilishana pasipo kugombana.

Nimesema rangi ya damu haitishi. Lakini yako mahali ambapo inapasa kututisha, na hayo ndiyo nataka akina mama wayasikilize zaidi.

Mtoto mwenye nimonia mapafu yake yanajaa, hewa haipiti vizuri, na damu inatoka mapafuni ikiwa bado ya giza. Kwa mtoto wa Kizungu mashavu na midomo hugeuka buluu, na vitabu vingi vimeandikwa kwa kumtazama yeye. Kwa watoto wetu ngozi haionyeshi upesi. Usitazame shavu. Mfungulie kinywa, utazame ulimi na ufizi. Mtazame na ndani ya midomo na chini ya kucha. Ukiona rangi ya majivu au ya zambarau ulimini, usingoje kupambazuke. Tazama pia kifua: mbavu zikivutwa ndani kwa kila pumzi, au mtoto akikataa kunyonya, hata kama ulimi bado ni mwekundu, mpeleke. Rangi huchelewa kubadilika. Pumzi husema kwanza.

Siku hizi hospitalini mna kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha namba. Kanuni yake ilivumbuliwa na Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, nacho kinatumia jambo hili hili tunalolizungumza: kinapitisha nuru ya namna mbili kidoleni, kikalinganisha ipi imemezwa, kikajua viti vingapi vya hemoglobini vimejaa. Kwa kawaida tunatazamia 95 au zaidi. Mtoto mgonjwa akishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni. Wakati wa ugonjwa wa korona, tangu mwaka 2020, wengi walikijua kifaa hiki, kwa kuwa walionekana wagonjwa waliozungumza vizuri huku namba zao zikiwa chini sana. Lakini mwaka huo huo madaktari wa Michigan, Marekani, walitangaza kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Ngozi nyeusi inameza nuru nayo. Basi muuguzi mwenye busara akiona namba nzuri na mtoto anahema vibaya, humwamini mtoto.

Tena kuna mtoto asiyegeuka buluu kamwe, naye yu hatarini zaidi. Huyu ni yule aliyepungukiwa na damu kwa malaria, au kwa safura, au kwa kukosa chakula chenye chuma. Hemoglobini yake ni chache, lakini kila moja imejaa oksijeni. Magari ni machache ila yote yamejaa. Kidole kitaonyesha namba nzuri. Kinywa hakitakuwa cha zambarau, kitakuwa cheupe. Vuta kope la chini utazame ndani, utazame na viganja. Kama ni vyeupe kama karatasi, huyo anahitaji hospitali leo, na pengine anahitaji ule mfuko ambao shemeji fulani ameogopa kuujaza.

Sasa nije kwenye jambo la jiko. Milima ya Nyambene ina baridi miezi ya Juni na Julai, nanyi mwajua usiku wa ukungu ulivyo. Mtu huwasha jiko la makaa nje, anangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu mazuri, kisha analiingiza chumbani, anafunga mlango na dirisha, na kuziba nyufa kwa matambara. Anasema, "Moshi umekwisha, hakuna hatari." Ndugu zangu, hatari iko katika makaa yale mekundu yasiyo na moshi. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kifuani kama hewa nyingine.

Na huko ndani inafanya nini? Inaketi katika viti vile vile vya oksijeni. Inaishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, tena haitaki kushuka. Oksijeni inakuja inakuta viti vimekaliwa. Jambo la kuogofya ni kwamba damu iliyobeba gesi hii haiwi ya giza. Ni nyekundu, nyekundu ya kung'aa kuliko ya mtu mzima wa afya. Huko Marekani wenye viwanda vya nyama wameruhusiwa kutia gesi hii kidogo sana ndani ya pakiti ili nyama iendelee kuonekana mpya. Nchi za Ulaya zimekataza. Hivyo mtu aweza kufa kwa kukosa oksijeni huku damu yake ina rangi ambayo wale wazee wangeiita nzuri. Hata kile kifaa cha kidole hudanganyika, kwa maana hakijui kutofautisha, nacho kinaonyesha 98 kwa mtu anayekufa.

Ishara zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, mawazo kuchanganyika. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinauma pamoja, msiseme ni chakula cha jana. Mara nyingi mtu analala kabla hajajua, na mwenye kujua anataka kusimama akaone magoti hayamchukui. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango kwanza na madirisha yote, mtoe nje kwenye hewa, usikae ndani ukimwita jina. Kisha mpeleke hospitalini hata kama ameamka na kusema yu mzima. Kwa hewa ya kawaida gesi ile huchukua kama saa nne au tano kupungua nusu katika damu; kwa oksijeni ya hospitali, kama saa moja na nusu. Na mjamzito asicheleweshwe hata kidogo, kwa sababu mtoto tumboni huumia zaidi kuliko mama.

Jiko na likae nje, au jikoni kwenye dirisha wazi. Ikiwa ni lazima kupasha chumba joto, kipashe mlango ukiwa wazi, kisha litoe jiko kabla ya kulala, ukaongeze blanketi. Nawaomba wazee wa kanisa walitangaze neno hili Jumapili za Juni, baada ya matangazo ya harambee.

Vijana wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria nao wana sehemu yao. Pale Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Oksijeni bado ni 21 katika 100, lakini hewa yenyewe ni nyembamba, na damu ya mpandaji huwa ya giza hata ile itokayo mapafuni. Anayekohoa na kushindwa kuvuta pumzi hata akiwa ameketi ateremshwe mara hiyo, usiku au mchana. Asiambiwe avumilie.

Nimalizie na wakunga, kwa ajili ya yule dada anayengoja siku zake. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Anapata oksijeni kwa damu ya mama kupitia kondo na kitovu, nayo ni kidogo kuliko yetu, hata damu yake ni ya giza muda wote wa miezi tisa. Anazaliwa akiwa na rangi hiyo, na mama wa mara ya kwanza akimwona hushtuka. Kisha analia. Mapafu yaliyokuwa yamejaa maji yanafunguka, hewa inaingia, na damu inageuka. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliumbwa kwa mavumbi akawa hai alipopuliziwa pumzi puani. Nami sijui mahali pengine ambapo jambo hilo linaonekana kwa macho kama katika chumba cha kujifungulia. Haliwi kwa mara moja. Mtoto mzima huchukua kama dakika kumi mpaka damu yake ijae oksijeni vizuri, na viganja na nyayo zaweza kubaki na rangi ya buluu saa nyingi baadaye bila ubaya. Mfungeni nguo kavu zenye joto, mwekeni kifuani pa mama, na mtazameni ulimi. Ukiwa mwekundu, yu salama. Ukibaki wa zambarau baada ya dakika hizo kumi, au ukirudi kuwa hivyo anaponyonya, mwiteni daktari, maana huenda moyo wake una tundu linalochanganya damu mbili zile, na siku hizi mioyo ya namna hiyo hufanyiwa upasuaji hapa hapa nchini.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.